Mama anakuja kutoka Mwanza, nataka nimpeleke sehemu yenye ziwa na mlima, siku mbili tu. Nipeni mwongozo

#1 MamaWawili
Habari za jioni wanajamvi. Naishi Arusha, huku Njiro. Mama yangu anakuja kunitembelea kutoka Mwanza, ana miaka 67 na hajawahi kufika kaskazini hata siku moja, siku zote mimi ndo naenda. Juzi kwenye simu nikamwambia mama ukija nitakupeleka ukaone ziwa. Alicheka mpaka salio likaisha. Akasema mwanangu mimi nimezaliwa ziwani, nimeolewa ziwani, maji ya ziwa nimeyachota kwa kichwa miaka mingapi, leo unanikalisha kwenye basi kutwa nzima uje unionyeshe ziwa? Nionyeshe mlima. Ule wa theluji.

Mimi na ubishi wangu nikajiapiza lazima nipate sehemu ambayo unakaa unaona vyote viwili, ziwa na mlima, nishinde kesi.

Hali yenyewe ni hii, tunatoka Ijumaa nikitoka kazini, Jumapili jioni tuwe tumerudi. Gari ni IST, iko chini kama mnavyoijua. Watoto wawili, wa miaka 6 na 11, na lazima iwe kabla shule hazijafunguliwa Julai. Mama magoti yanamsumbua, ngazi na kushuka mabonde hawezi. Bajeti laki tano kila kitu, ikifika sita baba watoto ataanza kuuliza maswali. Nimewaza Duluti, Momella, Chala, na kuna mtu kazini ananing'ang'aniza Natron. Nishaurini kama mnamshauri dada yenu.

#2 Kokoliko
Nimewahi siti ya dirishani. Endeleeni.

#3 chalii_wa_sakina
Dada huyo wa kazini hakupendi. Natron na IST? Mimi nilienda Pasaka na Prado ya jamaa yangu na bado tulipata pancha mbili. Sikatai, kule ni kuzuri kupita maelezo, Ol Doinyo Lengai umesimama peke yake kama kichuguu kilichochongwa na fundi, ziwa linageuka pinki, na flamingo wadogo wa Afrika Mashariki karibu wote ndo wanakotagia. Ila joto lake sio la mama wa miaka 67, njiani kila baada ya muda unakutana na kizuizi cha ushuru, mara kijiji hiki mara kile, hela inatoka kidogo kidogo mpaka unashangaa pochi imekuwa nyepesi. Na ukifika unakuta raha zote ni za kutembea, maporomoko ya Engare Sero unatembea ndani ya maji, mlima wenyewe watu wanaanza kupanda usiku wa manane. Mama atabaki kwenye hema anajipepea. Siku mbili zote zitaishia barabarani.

#4 Mtani_wa_Mwanza
Mwangaluka wote. Mama yupo sahihi asilimia mia. Nyie watu wa huko mna mabwawa ya kufugia kambare mnayaita maziwa. Victoria ni kilomita za mraba 68,800, nchi tatu zinaligombania, ukiwa katikati na meli huoni nchi kavu. Mnataka kumtoa mtu huko mkamwonyeshe dimbwi? Mpelekeni akale ndizi zenu arudi.

#5 Meku_Kibosho
Aise huyu mtani aje na ugali wake, ndizi hatumpi.

Dada mimi nakuambia Duluti. Iko hapo hapo Tengeru, kutoka mjini kilomita kama 14, IST inafika bila hata kuguna, kuna msitu umezunguka ziwa lote, mama anakaa kivulini, watoto wanazungushwa na mtumbwi. Kale kanjia ka kuzunguka ziwa kako tambarare sehemu kubwa, mnatembea taratibu mnasikiliza ndege. Ukienda Jumamosi unaunganisha na soko la Tengeru, Jumatano na Jumamosi ndo siku zake. Na lile ziwa ni la volkano, lina kina cha mita 700, waongozaji wenyewe wa pale walituambia. Mtani wako wa Mwanza aje apige mbizi.

#6 mwanafunzi_wa_maji
Mkuu Meku hiyo mita 700 ni chai ya moto kabisa. Duluti limepimwa na watafiti, sehemu yenye kina kirefu ni kama mita 9. Tisa. Ukiwasimamisha twiga wawili mmoja juu ya mwenzake pale katikati, wa juu anabaki na kichwa nje anakuangalia. Ni kreta kweli, ni zuri kweli, ila hayo mengine ni ya kumfurahisha mgeni atoe tipu.

#7 Meku_Kibosho
Meku nimezunguka pale miaka kumi na tano nawaambia watu mia saba. Hata harusi ya shemeji yangu nimesema kwenye maiki.

#8 Kokoliko
😂😂😂 Twiga wa juu anakuangalia. Siti yangu imelipa.

#9 MamaWawili
Jamani nimecheka peke yangu ofisini. Duluti nimeshaenda na watoto mara nyingi, ni pa kwenda na kurudi siku hiyo hiyo. Kitu ambacho mama angekipenda Tengeru ni yale makaburi ya Wapolandi, maana yeye historia anaipenda. Waliletwa wakimbizi karibu elfu tano wakati wa Vita vya Pili, wakajengewa kambi pale, wengine wakafia huku huku, makaburi yapo kama 150 na yanatunzwa. Lakini nikimwambia mama nimekuleta Arusha uone makaburi ataniombea.

#10 Dereva_Mstaafu
Mwanangu mimi nimeendesha wageni miaka 22, goti ndo limenistaafisha kama la mama yako, kwahiyo nisikilize.

Kwanza mlima hauendewi, mlima unaviziwa. Miezi ya Juni na Julai huku kwetu mnajua wenyewe, mawingu yanatanda, baridi, unaweza kukaa Moshi wiki nzima ukaapa mlima umeuzwa. Ukitaka hali ya hewa safi ni Januari na Februari. Lakini hata mwezi wa mawingu una saa zake, alfajiri kabla jua halijachangamka na jioni kuelekea magharibi. Kati ya saa tatu na saa kumi usijisumbue. Sasa watu wengi kosa lao ni hapo, wanaamka saa mbili, wanakunywa chai, wanafungasha, wanafika sehemu saa sita mchana, wanapiga picha na mawingu, saa kumi wanarudi. Wageni wangu nilikuwa nawaambia, lala pale pale unapotaka kuuona, halafu amka na kuku. Kwahiyo swali lako lisiwe niende wapi, liwe nilale wapi.

Momella: ndani ya Hifadhi ya Taifa Arusha, ukipita Usa River unakata kushoto mpaka geti la Ngongongare. Pale hata kabla hujatulia unakutana na uwanda wanaouita Serengeti Ndogo, twiga, nyati, pundamilia, halafu msitu wenye mbega weupe, halafu ndo unatokea kwenye maziwa. Yapo saba hivi na kila moja lina rangi yake kwa sababu ya mwani na chumvichumvi, Momella Kubwa, Momella Ndogo, Rishateni, Lekandiro na wenzao. Simba hakuna. Kiangazi barabara kuu ya Ngongongare mpaka Momella gari dogo linapita, ila ile ya kupandisha kuelekea kreta ya Meru usiiguse na IST, utaacha bampa. Asubuhi nzuri pale Momella unapata Meru mgongoni na Kilimanjaro mbele, milima miwili kwa kiingilio kimoja. Bebeni vitambulisho vya taifa mlipe bei ya Mtanzania, na malipo ni kwa namba ya malipo au kadi, usiende na furushi la noti getini.

Shida yake, baridi ya usiku Juni ni kali, na mama atakuuliza samaki wako wapi. Hakuna. Yale maji ni magadi.

#11 mwanafunzi_wa_maji
Naongezea kwa mzee wangu hapo. Yale maziwa ya Momella ni mtoto wa Meru. Miaka kama 8,000 iliyopita ubavu wa mashariki wa mlima ulimeguka wote ukaporomoka, ndo maana ukiutazama Meru kutoka Momella unaona kama kikombe kilichovunjika upande mmoja. Matope na mawe yakasambaa huko chini yakaacha vilima na mashimo, mashimo yakajaa maji. Nikipita pale naona kama kifusi cha juzi tu. Mara ya mwisho Meru kulipuka ilikuwa 1910, kwahiyo umelala, haujafa.

#12 Kokoliko
Yaani nakaa Sakina nimelala chini ya kitu kilicholala. Asante kwa usingizi wa leo.

#13 binti_usangi
Mbona hakuna anayetaja Upareni? Kila siku Uchagani Uchagani. Dada toka Moshi kama kilomita 50 unafika Mwanga, hapo unapandisha Usangi. Milima ya kijani, hewa unaisikia mpaka kwenye meno, migomba, mifereji ya wazee, watu wanakusalimia njia nzima. Ukipanda msitu wa Kindoroko ukafika juu, mita 2,113, unaona Ziwa Jipe lote limelala chini mpakani na Kenya, na siku ikiwa safi Kilimanjaro hiyo hapo. Ziwa na mlima, si ndo unachotaka? Na Jipe lina samaki, viboko na mamba, watu wanavua kwa mitumbwi, mama atajiona kwao kabisa.

#14 Meku_Kibosho
Usangi pazuri ila usigombane na mtu, utauziwa kesi ya kuku mpaka ng'ombe wako waishe.

#15 binti_usangi
Na wewe usubiri Desemba ukahesabiwe. Mita mia saba!

#16 MamaWawili
Binti asante, Usangi nimeiweka kwa ajili yangu na baba watoto, ila kupanda Kindoroko kwa magoti ya mama hapana. Na Jipe kwa chini nasikia magugu yamefunika sana ukingo mpaka maji unayaona kwa mbali, ni kweli?

#17 binti_usangi
Ni kweli dada sitakudanganya. Matete yamekula sehemu kubwa upande wetu, ziwa lenyewe halina kina, hata mita 3 halifiki. Uzuri wake ni kulitazama toka juu. Kama magoti hayaruhusu basi tena, ila usije ukasema Upareni hatukukukaribisha.

#18 MamaWawili
Nimebaki na Momella na Chala. Mzee Dereva_Mstaafu shikamoo, hujasema kuhusu Chala.

#19 Dereva_Mstaafu
Marahaba mwanangu. Chala nilikuwa naiacha makusudi nione nani ataitaja.

Unatoka Arusha mpaka Moshi kilomita 80, unapita mpaka Himo, unashika njia ya Holili, kabla ya mpaka unaingia kushoto barabara ya vumbi. Kutoka Moshi hesabu kama kilomita 50 kwa jumla. Kiangazi gari dogo linafika ukienda kwa adabu, mvua ikinyesha lile vumbi linageuka utelezi, usibishane nalo. Bebeni vitambulisho, mko pua kwa pua na Taveta.

Ziwa lenyewe huwezi kuliona mpaka uko juu yake. Unaendesha porini, mibuyu, mbuzi, vumbi, unajiuliza huyu mzee kanidanganya, halafu ghafla ardhi inaisha. Kreta, kuta zimesimama karibu mita mia, na chini kabisa maji. Rangi inategemea mwezi na saa, mara bluu ya wino, mara kijani kama chupa. Mpaka wa Kenya na Tanzania unapita humo humo ndani ya maji. Pale ukingoni upande wetu kuna kambi yenye mahema ya kudumu na vitanda, mama anakaa kwenye kiti anatazama, hana haja ya kushuka. Kilimanjaro unaupata mgongoni, kaskazini magharibi. Jua linachomoza upande wa ziwa linaupiga mlima usoni. Na ni kama mita 900 tu juu ya bahari kwahiyo hakuna ile baridi ya Momella, ila upepo miezi hii upo, beba sweta za watoto.

Moja nalisema kwa herufi kubwa. WATOTO WASIOGELEE. Mwaka 2002 msichana wa Kiingereza wa miaka 18 aliuawa na mamba upande wa Kenya. Kuna watu watakuambia mamba waliisha, wengine watakuambia hawajawahi kuwepo, waache waogelee wao.

#20 mwanafunzi_wa_maji
Nilikuwa nasubiri Chala itajwe maana nina deni na Mtani_wa_Mwanza.

Mtani, Chala eneo lake ni kama kilomita za mraba 4.2. Victoria linaweza kumeza Chala zaidi ya elfu kumi na sita. Hapo umeshinda, pumua. Sasa tuje kwenye kina. Victoria na ukubwa wake wote, sehemu ndefu kabisa kwenda chini ni mita 80 na ushee. Chala ni zaidi ya 90. Hako ka dimbwi kana kina kuliko ziwa lenu.

Na halina mto unaoingia wa kueleweka wala unaotoka. Maji yanatoka kwenye mvua za Kilimanjaro, yanapita chini kwa chini ndani ya miamba mpaka yanatokea kule, halafu yanaondoka tena chini kwa chini. Matope ya sakafu yake yamejipanga kwa mpangilio mzuri kiasi kwamba 2016 wanasayansi walikuja na mtambo unaoelea wakachimba katikati ya ziwa kusoma historia ya hali ya hewa ya ukanda huu. Na samaki wapo, tena kuna aina ya perege ambayo asili yake ni humo tu duniani.

#21 Kokoliko
Mtani tunakusubiri. Mtani. Mtaniii.

#22 Mtani_wa_Mwanza
Nipo. Nilikuwa natafuta makosa kwenye hiyo hesabu.

Sawa kina mmetupiga. Lakini kisima nacho kina kina kirefu, mbona hamkiiti ziwa?

#23 Meku_Kibosho
Wazee wa Rombo wanasema zamani pale palikuwa na boma la Wamasai, usiku mmoja likazama lote na ng'ombe wake, na ukitulia asubuhi unasikia majogoo yanawika toka chini ya maji. Hiyo sina mita zake, mwanafunzi usije na rula.

#24 mgeni_mbezi
Wakati mnacheka naomba nimwonye dada. Mwaka jana nikiwa Dar nilitaka kuja na familia huko huko Moshi, nikaona ukurasa mtandaoni una picha nzuri kuliko mchumba, jamaa anajibu fasta, anaita "boss" kila sentensi. Nikatuma laki mbili ya advansi kwenye namba yake binafsi. Tumefika na basi tumechoka, hiyo sehemu ipo kweli, mwenye sehemu yupo kweli, ila huyo jamaa hamjui wala hajawahi kumsikia. Tukalala gesti ya stendi wote watano. Piga simu sehemu yenyewe, lipa ukifika au lipa kwa namba yenye jina la biashara. Picha sio nyumba.

#25 MamaWawili
Pole sana ndugu, na asante, nilikuwa nakaribia kufanya hivyo hivyo.

Haya wanajamvi nimeamua, Chala. Momella tutaenda Januari kukiwa kweupe. Mama hawezi baridi ya mlimani, na nikimpeleka ziwa lisilo na samaki nitaisikia mpaka nazikwa. Ijumaa tunalala Himo gesti ya kawaida, Jumamosi asubuhi tunaingia Chala tunalala pale pale ukingoni kama alivyosema mzee. Nikirudi nitaleta mrejesho.

#26 Kokoliko
Na picha. Bila picha hatutaki.

#27 MamaWawili
MREJESHO

Samahanini nimechelewa, mama kaondoka jana ndo nimepata nafasi. Kaeni vizuri ni mrefu.

Ijumaa tulitoka saa tisa badala ya saa nane kwa sababu mama alikuwa anafungasha sufuria, nikamwambia mama kule kuna chakula, akasema chakula kipo kila mahali ila sufuria unaijua mwenyewe. Tukaondoka na sufuria. Mbele kidogo nikapigwa tochi, 64 kwenye hamsini, elfu thelathini ya bajeti ikaenda serikalini hata Boma Ng'ombe sijafika, na kosa ni langu, nilikuwa nageuka kuamua ugomvi wa siti ya nyuma. Kwa Sadala tukanunua ndizi na parachichi. Tunaingia Moshi kama saa kumi na moja na nusu, mawingu yametanda mpaka kwenye mabati. Mama akauliza mlima uko wapi. Mwanangu mkubwa akanyoosha kidole, bibi uko pale nyuma ya mawingu. Mama akatazama, akatazama, akasema sawa, na mimi nyuma ya nyumba yangu Mwanza nina meli mbili.

Himo tukalala vyumba viwili elfu hamsini, safi tu, maji ya moto yalikuja kwa ndoo. Jumamosi saa tatu tukaanza ile njia ya vumbi. IST iligusa chini mara mbili, ya pili nilisikia moyoni, lakini tulifika, mbuzi walitupita. Na kama mzee alivyosema, hakuna ziwa, hakuna ziwa, hakuna ziwa, mama kashaanza kuguna, halafu nikasimamisha gari nikamwambia shuka hapa tembea hatua chache.

Mama akashuka akajifunga kanga vizuri akaenda hadi ukingoni. Nilitegemea aseme kitu. Hakusema. Alikaa kimya muda mpaka mdogo akaniuliza mama, bibi analia? Hakuwa analia. Baadaye akageuka akaniuliza, "Sasa hapa mtu anachotaje maji?" Hilo ndo swali lake la kwanza. Anatazama zile kuta anaona ndoo kichwani. Kijana mmoja wa pale akamwambia bibi kuna kanjia ka kushukia, mama akamwambia mwanangu kushuka sio kazi, kazi ni kupanda na debe, kanjia hako nani alikuwa anapanda nako na debe? Wakaongea wale wawili karibu nusu saa kuhusu ndoo, na mimi nimeacha kazi nimechoma mafuta nimelipa faini ili mama aongelee ndoo.

Samaki aliuliza. Akaambiwa wapo. Sato? Kijana akasema huku tunaita perege. Mama akasema perege ni sato aliyehamia mjini.

Ndo nikamtolea ile ya mwanafunzi_wa_maji, nikamwambia mama hili ziwa lina kina kuliko la kwenu. Akanitazama kama nimemtukana. Nani kalipima? Wataalamu. Na letu walilipimia wapi, pale Kirumba kwenye matope? Nikamwambia mama ziwa zima. Akanyamaza, akaenda kukaa kwenye kiti, nikajua hilo halijaisha.

Watoto walishuka mpaka majini na yule kijana, walirudi hoi wamekunywa maji yote, na hakuna aliyeogelea, mkubwa alikuwa anahesabu magogo yote kuwa mamba. Mchana rangi ya maji ilikuwa inabadilika kila nikiangalia, wingu likipita inakuwa kama wino, jua likitoka inarudi kijani. Mama alipika. Ndio, ile sufuria ilitumika, aliingia jikoni kwa watu akaomba nafasi na wakampa, sijui aliwaambia nini.

Jioni tukausubiri mlima. Tumepanga viti tumeupa ziwa mgongo kama tuko sinema. Saa kumi na mbili, hakuna. Saa kumi na mbili na nusu, pakafunguka kidogo tukaona kitu cheusi, likafunga. Giza. Mama akasema msijali, mimi nimefurahi na ziwa, akaenda kulala. Mimi sikufurahi, niliweka alamu ya saa kumi na moja na nusu.

Alamu niliizima usingizini. Usiniulizeni. Ule upepo unabembeleza hema kama mtoto.

Naamka saa moja na robo, mawingu yamejaa, nikataka kulia. Natoka nje namkuta mama amekaa kwenye kiti chake, ameshika kikombe cha chai, amejifunika kitenge na sweta la mkubwa. Nikamwambia mama pole, mlima umegoma. Akasema, "Haujagoma, nimeuona." Umeuona saa ngapi? Akasema yeye huamka saa kumi na moja tangu ana miaka saba, akatoka kukaa, jua lilipoanza kutokea huko Kenya mawingu yakashuka chini kama mtu anavua shuka, mlima ukabaki wote umekaa pale, kwanza wa waridi halafu mweupe. Akautazama mpaka ukajifunika. Mama kwa nini hukuniamsha? "Mlikuwa mmelala vizuri."

Mlikuwa mmelala vizuri jamani.

Gharama: mafuta kama elfu sabini, Himo hamsini, faini thelathini, kambi na chakula ndo zilikula zilizobaki, jumla laki tano na themanini. Maswali ya baba watoto yameanza.

#28 chalii_wa_sakina
Dada hongera sana. Hiyo IST iliyogusa chini, mgadi umeangalia? Mpeleke fundi aangalie na bushi za mbele, njia za vumbi zinazimaliza kimya kimya.

#29 MamaWawili
Nimepeleka, mgadi ulilegea nati mbili tu. Bushi fundi ameziangalia kwa huzuni akasema tutaongea mwisho wa mwezi.

#30 Kokoliko
Ngoja kwanza. Watu wote wamelala, mlima umetokea, umeonwa na bibi mmoja, hakuna picha. Hii ni chai. Bibi kawaonea huruma akawatungia.

#31 MamaWawili
Simu ya mama ni kitochi, angepiga picha na nini? Na mimi nilimbana nikamwambia haya uko vipi huo mlima uliouona. Akasema una vichwa viwili. Mkubwa mpana umefunga kilemba cheupe, halafu kulia kwake kuna mwembamba mweusi una meno mabovu.

#32 Dereva_Mstaafu
Kokoliko mwombe bibi radhi. Huyo mwenye meno mabovu ni Mawenzi, mita 5,149, na ukiwa Chala unamkuta kulia kabisa kwa Kibo, ule mkubwa wenye kilemba. Picha nyingi za kwenye kalenda zimepigwa Amboseli, upande wa Kenya, kule Mawenzi anaonekana kushoto. Angekuwa anatunga kwa kukumbuka kalenda ya ukutani angesema kushoto. Mama ameuona.

#33 Kokoliko
Shikamoo bibi. Nimefuta kauli.

#34 binti_usangi
Mimi machozi yamenitoka hapo kwenye mlikuwa mmelala vizuri. Mama zetu hawa.

#35 Mtani_wa_Mwanza
Sawa mlima kauona, hilo nampa. Ila dada usitukimbie, ile kesi ya ziwa iliishaje? Akikiri kina mimi najitoa humu jamvini.

#36 MamaWawili
Jana stendi, basi linawasha, tayari ameshakaa siti yake, akanivuta dirishani akaniambia lile la kina nisimwambie baba.